Mkaguzi wa Mabibi Harusi

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna bibi harusi aliyevaa shela katika kanisa la Kawajense, mjini Mpanda, bila kwanza kulala kwenye mkeka wa Kasilda. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, binti aliletwa na mama yake na mama zake wadogo hadi kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu, kile cha kutunzia viti vya plastiki na vyombo vya ushirika. Wasindikizaji walibaki nje. Kasilda aliosha mikono, akaipaka mafuta ya alizeti, akalipapasa tumbo la binti chini ya kitovu, akamtazama macho na rangi ya kucha, kisha akatoka. Akitoka ameshika shela, vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Akitoka mikono mitupu, binti alifungishwa ndoa siku ya Jumatano, kwa mlango wa pembeni, bila kwaya wala kengele, na baada ya hapo alikaa benchi la nyuma mpaka siku atakapopiga magoti mbele ya kanisa na kuitaja dhambi yake. Hiyo ni kama bwana harusi alikuwa bado anamtaka. Wengi walikuwa hawamtaki tena.

Bwana harusi hakukaguliwa. Kama kuna mahali pa kumpapasa mwanamume ili ijulikane alilala wapi mwezi uliopita, wazee wa kanisa la Kawajense hawakupajua, na hakuna aliyejisumbua kupatafuta.

Kasilda alikuwa amejifunza ukunga kwa bibi yake kule Karema, kabla ya kuolewa Mpanda. Watu walisema mikono yake inaona. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, na ukiambiwa jambo zuri namna hiyo kwa miaka mingi, nani atakulaumu kwa kuliamini? Mabinti kumi na mmoja aliwarudisha bila shela. Wa saba kati yao alikuwa Marsela, mwanawe wa kumzaa, mtoto pekee.

Hilo ndilo lililompa jina. Wachungaji watatu walikuja na kuondoka, na kila mmoja alimtambulisha kwa wageni kwa maneno yaleyale: huyu ni Mama Marsela, hata mwanawe hakumwonea haya. Alipewa kiti chake mbele, karibu na kinanda. Kasilda aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu kila aliposifiwa hivyo, na tuseme ukweli, unyenyekevu ule ulikuwa na utamu wake.

Kanisa halikujua jambo moja. Marsela hakuwa na mimba.

Kilichokuwa tumboni mwake Ijumaa ile, miaka tisa iliyopita, kilikuwa uvimbe. Marsela aliapa, akalia, akamshika mama yake miguu. Kasilda aliamini mikono yake kuliko mtoto wake. Yunus, mwalimu wa kwaya, aliyejua fika kwamba hajamgusa mchumba wake, alipiga hesabu zake mwenyewe, na Jumapili haikufika kabla hajavunja uchumba. Miezi mitatu baadaye tumbo lilikuwa limejaa na Marsela hawezi kusimama wima. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alimwonyesha Kasilda kilichotoka. Kilikuwa kwenye beseni, kikubwa kama boga, na kizazi kilitoka pamoja nacho.

"Mama, humu hamkuwa na mtoto," daktari alisema. "Na pole sana, hatapata tena."

Kasilda alimwomba nesi alifunike beseni.

Kisha akarudi nyumbani na kunyamaza. Waumini waliona tumbo limeshuka na mtoto haonekani, wakajaza wenyewe kilichobaki: Marsela ametoa mimba, tena mimba kubwa. Kasilda aliwasikia wakisema. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, alisema tu "Mungu anajua," na wao wakaelewa walivyotaka. Akina mama wa kanisa hawakwenda kumwona mgonjwa. Aliyemwogesha na kumpikia uji kwa wiki tatu alikuwa Mwanaiddi, Mwislamu mwenye duka mtaa wa pili, ambaye aliuliza mara moja tu, "Mama Marsela, hawa wenzako utawaambia lini?" Kasilda akamjibu kwamba wakati wa Mungu ukifika atawaambia. Mwanaiddi akaosha sufuria, hakuuliza tena.

Marsela alihamia Sitalike, akafungua mgahawa kando ya barabara, anawapikia madereva wa malori na vijana wanaofanya kazi hifadhini. Hakurudi kundini, maana kurudi ni mpaka upige magoti utaje dhambi, na yeye hakuwa na cha kutaja. Kwa mama yake alidai kitu kimoja. Alikidai kila mwaka, kwa simu, siku ya kumbukumbu ya kupasuliwa kwake: "Simama kanisani useme ulikosea. Basi." Na kila mwaka Kasilda alimwambia kwamba ataangalia.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa saba, Mchungaji Japhet akabisha hodi kwa Kasilda.

Huyu alikuwa wa nne, kijana, ana miaka mitatu tu pale. Suruali za kubana, Biblia ndani ya tableti, kwaya ameipunguza sauti akaleta ngoma za kizungu na taa zinazobadilika rangi. Ibada zilirushwa laivu. Alipenda kuhubiri habari ya neema, kwamba mambo ya sheria yamepita. Ila ukaguzi wa Ijumaa hakuugusa, kwa sababu wazee wangemla mbichi, na pia kwa sababu alikuwa ameona faida yake.

"Bwana asifiwe, mama yangu."

"Amen, Mchungaji. Karibu kiti."

Alikaa, akasifia maua ya uani, akauliza habari za goti la Kasilda. Kisha akafika kwenye lililomleta. "Kesho kuna binti wa mzee Venansi."

"Dorika. Ninajua. Nitamkagua kama wengine."

"Mkague kama wengine, mama. Ila ukitoka, utoke na shela."

Kasilda alimwangalia. Venansi alikuwa na mashine tatu za kukoboa mpunga. Bati la kanisa jipya lilikuwa lake, vyombo vya muziki vyake, na hata tableti ile haikuanguka kutoka mbinguni.

"Ana miezi mingapi?" Kasilda aliuliza.

"Mimi siyo daktari," Mchungaji alisema, akacheka kidogo.

"Mchungaji, mimi nilimrudisha mwanangu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Sikiliza, mama. Wageni wanatoka Sumbawanga mpaka Tabora. Minong'ono imeshaanza, kule sokoni wanasema waziwazi. Nikisimama mimi kumtetea, watasema nimelishwa pilau. Ukitoka wewe na shela, nani atafungua mdomo? Mtu aliyemrudisha mwanawe mwenyewe?"

Kasilda angeweza kumfukuza. Maneno ya kumfukuza alikuwa nayo, tena makali, na zamani angeyatoa yote. Lakini kitu kingine kilimjia, na kilipomjia alisikia furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka tisa. Kwa mara ya kwanza kanisa lilikuwa linamhitaji kwa jambo ambalo yeye angeweza kulikataa.

Akamweleza yote. Mkeka, viapo vya Marsela, daktari, beseni. Alieleza akilia, na Mchungaji Japhet alimsikiliza bila kumkatiza, akasema pole mara mbili.

"Sasa unataka nini, mama?"

"Jumapili unipe kipaza sauti. Marsela awepo. Nilisafishe jina la mwanangu, nipate kulala vizuri kabla sijafa."

Mchungaji aligeuza tableti magotini. "Jumapili," alisema. "Baada ya matangazo. Nakuahidi mbele za Mungu." Wakashikana mikono wakaomba. Aliomba vizuri kweli, yule kijana.

Alipoondoka, Kasilda alipiga simu Sitalike. Nyuma ya sauti ya Marsela mafuta yalikuwa yanachemka na mtu anaagiza chipsi.

"Njoo Jumapili," Kasilda alisema. "Nitasema."

"Utasema nini?"

"Kwamba nilikosea. Kwamba hukuwa na kitu."

"Kwa kipaza?"

"Kwa kipaza. Mchungaji amekubali."

Upande wa pili mafuta yaliendelea kuchemka. Marsela alimwambia mtu wa chipsi asubiri. "Nitafunga mgahawa," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini na tatu.

Ijumaa Dorika alikuja na watu tisa na wapiga picha wawili. Alilala kwenye mkeka bila kuambiwa, simu mkononi, akaifungua mwenyewe kanga ya kiunoni.

"Shikamoo bibi. Fanya chapchap, nina miadi ya kucha saa kumi."

"Marahaba. Weka simu chini."

"Si tumeshaongea lakini? Baba alisema mmeshaongea."

Kasilda alipaka mafuta. Alitaka angalau kufanya kazi yake sawasawa, hata kama neno litakalofuata lingekuwa uongo. Akaweka viganja chini ya kitovu, na hakuhitaji kutafuta. Miezi mitano kasoro. Mtoto akacheza, akapiga teke dogo palepale chini ya kidole chake cha shahada, na Dorika akacheka kwa kutekenywa.

"Huyo anakusalimia," Dorika alisema. Kisha akanyanyua kichwa, akamtazama bibi yule kwa udadisi wa kweli, wala hakuwa na ubaya. "Bibi, ni kweli mwanao ulimrudisha? Yaani ulishindwa kusema tu hana kitu? Mbona ni rahisi."

Kasilda alimfunga kanga. Alifuta mikono, akachukua shela kwenye msumari, akafungua mlango. Vigelegele vilipasuka, na mwanamke mmoja mzee akamkumbatia huku akilia, akisema shetani wa sokoni ameaibika.

Jumamosi harusi ilifana. Watu wa Mpanda bado wanaizungumzia ile keki.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, maana maharusi walikuja kutoa shukrani. Venansi alikaa mstari wa mbele na suti ya rangi ya maziwa, Dorika pembeni yake na mumewe. Marsela alifika mapema. Alivaa gauni la bluu lililonyooshwa vizuri, viatu vipya, nywele amesuka. Kasilda alimwona akiingia na moyo ukampasuka kwa huruma, kwa sababu mwanamke wa miaka thelathini na miwili alikuwa amejipamba kama mtu anayekwenda kuchukua cheti. Wahudumu wa mlangoni walimwonyesha benchi la nyuma, naye akakaa.

Matangazo yakaisha. Kasilda akanyanyuka kidogo kwenye kiti chake, tayari. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno, machache tu: mikono yangu ilikosea, mwanangu alikuwa msafi, nilijua nikanyamaza.

Lakini Mchungaji Japhet hakumpa kipaza.

"Kanisa!" aliita. "Leo mbinguni kuna sherehe! Kuna kondoo alipotea miaka tisa, leo amerudi mwenyewe kwa miguu yake. Dada yetu Marsela, njoo mbele!"

Kinanda kikalia. Taa zikageuka zambarau. Watu wakasimama na kupiga makofi, na wahudumu wawili wakamshika Marsela viwiko wakamleta, kwa upendo mwingi, na hata kama angetaka kurudi nyuma asingeweza. Kasilda alibaki ameinuka nusu, mkono kwenye mgongo wa kiti. Hivi sivyo walivyokubaliana. Alitaka kusema hivyo, akatazama kushoto na kulia kana kwamba kuna mtu wa kumwambia.

"Taratibu zetu mnazijua," Mchungaji aliendelea, sauti imelainika. "Anayerudi kundini huitaja dhambi yake kwa kinywa chake. Akilemewa, huitaja mzee aliyemkuta nayo. Dada Marsela, usiogope. Hapa ni nyumbani. Sema tu." Akamwekea kipaza mdomoni.

Marsela alimtazama Mchungaji. Akatazama watu. Alikuwa ameelewa, na Kasilda aliona jinsi alivyoelewa, uso ukijifunga polepole kuanzia kwenye paji mpaka kwenye midomo. Kisha akamgeukia mama yake. Hakulia.

"Muulizeni mama," alisema. "Yeye ndiye aliyeshika."

Watu wakasema amina, wakidhani ni unyenyekevu. Kasilda alitoka kwenye kiti chake, goti likiuma. Alipofika, Mchungaji alikifunika kipaza kwa kiganja na kumwinamia sikioni, akitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Mama, fikiri. Mikono yako ikiwa ilikosea siku ile, basi na juzi ilikosea. Wote watageuka kumtazama Dorika. Na wale wengine uliowarudisha, wazazi wao wamo humu. Chagua vizuri."

Akamkabidhi kipaza.

Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Kasilda alitazama mbele. Dorika alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo, bila kujua, kama wafanyavyo wote. Venansi alikuwa ameacha kutabasamu. Na mstari wa tatu, upande wa wanawake, alikaa mama yake Libérate, wa kule Katumba, mwanamke mwembamba aliyefiwa. Libérate alirudishwa bila shela mwaka mmoja baada ya beseni. Wiki ileile alikunywa dawa ya kuulia wadudu wa pamba, akazikwa bila kengele wala mchungaji. Kama alikuwa na mimba au hakuwa nayo, hakuna aliyepima. Mama yake hakuwahi kumlaumu mtu. Miaka minane alikuwa anamwamkia Kasilda kwa magoti, kwa sababu yeye ndiye aliyeuona ukweli wa mwanawe, na ukweli huo ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Sasa alikuwa anamtazama Kasilda, mikono mapajani, anasubiri kama wengine.

Kasilda aliyatafuta maneno yake matatu. Alikuwa nayo. Yalikuwa palepale kwenye ulimi. Aliomba Marsela aseme mwenyewe, apige kelele, amrukie, akipasue kipaza, ili yeye asilazimike. Akamwangalia. Marsela alisimama kimya kando yake na gauni lake la bluu, na alikuwa bado anangoja. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba mpaka dakika ile alikuwa bado anangoja.

"Alitoa mimba," Kasilda alisema.

Spika zilikuwa mpya na nzuri, neno likafika mpaka kwa waliosimama nje.

"Mwanangu alitoa mimba," alisema tena, na safari hii lilitoka kwa urahisi. "Ninamwomba Mungu amsamehe. Mimi kama mama nimemsamehe."

Kanisa likalipuka. Vigelegele, makofi, ngoma za kizungu. Mama Libérate alikuwa analia kwa furaha, mikono juu. Mchungaji Japhet alimkalisha Marsela magotini, akamwekea mkono kichwani na kuomba kwa dakika nyingi. Marsela hakufumba macho. Aliangalia ndala za mama yake kwa muda wote wa sala. Alipoambiwa ainuke aliinuka, akasema asanteni, akapita katikati ya watu waliokuwa wanamkumbatia na kumwita dada, akampa mkono kila aliyemnyooshea.

Kasilda alimfuata nje akichechemea. Marsela alikuwa ameshapanda bodaboda, mkoba kifuani.

"Marsela. Ngoja kwanza nikueleze. Mchungaji alinibana. Unajua yule mtoto wa Venansi..."

"Nimesikia, mama. Wote tumesikia." Hakuwa na hasira, na Kasilda angetoa chochote aione hasira hiyo. "Nilikuwa najiuliza miaka yote hii kama ulijua vizuri alivyosema daktari. Labda mama hakumwelewa, ni mzee, aliogopa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia." Akamgusa dereva begani. "Usinipigie tena."

Bodaboda ikaondoka kuelekea stendi. Kasilda alibaki amesimama juani, mdomo wazi, na vumbi likimwingia.

"Mama Marsela!" walimwita wanawake kutoka mlangoni. "Mama Marsela, unangojwa! Bibi harusi anataka picha na wewe!"

Ndani kamera ilikuwa bado inarusha laivu. Kasilda alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akarudi, akasimama walipomwonyesha, kulia kwa Dorika. Mpiga picha akamwomba asogee karibu zaidi na aweke mkono wake kiunoni kwa binti, naye akauweka.